Tairi Bafuni

Lile la nyuma, upande wa kushoto.
Jioni geji inasema thelathini na tano,
alfajiri inasema ishirini na moja,
nalo limekaa kitako barafuni
kama mtu aliyeletewa habari akatafuta pa kuketi.

"Ni baridi tu," anasema Lorraine wa mlango wa pili,
kahawa mkono huu, beleshi la theluji mkono ule.
"Hapa Winnipeg hata upepo hunywea."
Nilimwamini wiki tatu.
Kuamini kulikuwa kwepesi kuliko jeki.

Maana si pancha hii. Pancha ina heshima zake:
inalia, unashuka, unatukana, watu wanakuona.
Hii haina kelele. Hii
husubiri nilale.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa,
tukaimba, tukachapwa tulipokosea.
Hakuna aliyetuambia kibaba nacho
hutoka kwa njia ile ile.

Saa kumi na moja, giza bado,
gari limechomekwa umeme kama simu,
waya ukining'inia puani mwake,
nami goti chini, glovu moja nimeiuma kwa meno,
pampu ndogo ikikoroma kwenye tundu la kuwashia sigara,
ishirini na tano, ishirini na nane,
kisha mbio, kiwanda cha mikate, zamu ya saa kumi na mbili,
na msimamizi atazamaye saa kabla ya uso.

Maji ya sabuni niliyajaribu uani.
Yaliganda kabla hayajasema kitu.

Basi Jumapili nikalifungua.
Nati ya nne iligoma, nikaipandia spana kwa miguu miwili.
Nikalibeba hadi orofa ya pili,
chumvi ya barabarani ikinichora kifuani.
Salha akafungua mlango, akanitazama, akalitazama.
"Na huyo mgeni atalala wapi?"
"Bafuni."
Hakubisha. Aliondoa shampuu za watoto,
akafungulia maji ya vuguvugu,
akayapima kwa kiwiko.

Halikuenea. Lilisimama wima, nusu majini,
tukawa tunalizungusha polepole, maji yakigeuka chai ya juzi.
Tumekaa sakafuni, magoti yanagusana.
Yeye hufanya kazi usiku, hospitali, mimi mchana;
ufunguo tunapokezana mlangoni
kama wakimbiaji na kijiti chao.
Sikumbuki lini tulitazama kitu kimoja
kwa muda mrefu namna hii.

"Ngoja," akasema. "Rudisha. Hapo."

Kipovu.
Kidogo kama punje ya ulezi.
Kikapanda, kikapasuka.
Tukahesabu hadi kumi na tisa.
Kingine.

Parafujo. Kichwa kimesagika hadi kung'aa,
imetulia kati ya meno ya tairi
kama yenye hati ya kiwanja.
Nikanyoosha mkono kuchukua koleo.
"Usiing'oe!" Akanishika kifundo.
"Ukiing'oa leo, kesho utaendaje kazini?"

Kweli. Iliyotoboa ndiyo iliyoziba.
Nikaliweka koleo chini.
Hatukuinuka. Tulihesabu tena,
mara hii kumi na saba, mara hii ishirini na mbili,
yeye akisema nimeruka namba, mimi nikisema sikuruka,
mpaka maji yakapoa.

Jumatatu jioni, mtaa wa Sargent, fundi Reynaldo
alimaliza kwa dakika nne na dola thelathini.
Parafujo akanitilia kiganjani:
fupi, ya kawaida, ya kabati la mtu.

Siku hizi geji haibadiliki.
Saa kumi na moja bado naamka,
napiga goti, napima, nainuka.

Na kule kwenye beseni la kuogea
umebaki mduara mweusi, hafifu.
Salha hajausugua.
Mimi pia.